Ramani Ndani ya Koti

Myeong-ok aliikuta ramani ya Seoul ndani ya koti la mumewe, mtu asiyevumilia hata wimbo mmoja wa vijana. Kampuni nne za muziki zilikuwa zimezungushiwa wino mwekundu, na kando ya kila moja kumechorwa kibanda cha tteokbokki, vipande vya unga wa mchele vilivyopikwa kwa pilipili.

"Unamfuata nani huko?" alimuuliza mezani. "Ana miaka mingapi huyo msichana?"

Mume aliinamia bakuli lake la wali, masikio yamemwiva.

"Ametimiza ishirini na moja. Nasikia wanaojifunza kuimba hula hapo. Nikikaa tu, huenda akapita."

Tangu amfukuze binti yao miaka miwili iliyopita kwa sababu ya kuimba, hakuwahi kumtaja.

Myeong-ok alichukua kalamu. "Mwanao hali pilipili. Hata hilo hulijui?" Akavikata vibanda vyote kwa mstari, akaandika kando ya kila kampuni: supu ya tambi.