Tundu la Ubavuni

Karakana ilihitaji mshonaji mmoja tu, na mtihani ulikuwa kushona mwanasesere wa kitambaa kwa kufuata mchoro na maelezo yaliyoandikwa kando yake. Tausi aliyasoma maelezo haraka, akayatupa kando, akamaliza wa kwanza. Siwema hakujua kusoma. Aliukodolea macho mchoro.

"Shoga, umeacha tundu ubavuni!" Tausi alicheka.

Kwenye mchoro, mstari wa mshono ulikatika pale pale ubavuni. Siwema akapenyeza kidole tunduni, akavuta nje kichwa, mikono, miguu, mpaka mwanasesere akageuka na mishono yote ikaingia ndani.

Bi Mgeni, mwenye karakana, akamtazama Tausi. "Na wako utamgeuzia wapi, mwanangu?"

Tausi akapapasa huku na huku. Kote alikuwa ameziba. Siwema alikwisha kuanza kujaza pamba, na kifua cha mwanasesere kilikuwa kinainuka.