Kijiko cha Kwanza

Kijiko cha kwanza kilikuwa cha baba. Hilo ndilo lilikuwa sharti, na halikuwa na rufaa.

"Fungua," alisema mkewe.

Baba alifungua mdomo. Spinachi iliingia, ya kuchemshwa, haina hata chembe ya chumvi. Aliitafuna huku machozi yakimlengalenga, akameza, kisha akamwonyesha mwanawe ulimi mtupu kama ushahidi. Hapo ndipo Bosi, mwenye umri wa miaka miwili na midomo iliyobanwa kama kufuli, alipocheka na kukubali kijiko chake.

"Umeona, Baba Bosi? Bila wewe hali."

"Vimebaki vingapi?"

"Vyake vinne. Vyako kumi na viwili. Lazima akuone unamaliza sahani."

Baba alikuwa mkaguzi wa mizani. Mchana alizunguka masokoni na sanduku la mawe ya kupimia, akiwaumbua wauza nyama wenye mizani zenye mkono mrefu. Kwa miaka kumi na mitano hakuna mizani iliyompiga chenga hata gramu tano. Mezani kwake hakuwa na mamlaka hayo. Tangu utotoni alishikilia kwamba majani ni chakula cha mbuzi. Sasa alikuwa akiyala mara mbili kwa siku, kwa shingo upande, kwa ajili ya mwanawe.

Mambo yalianzia kliniki, wiki tano nyuma. Alikwenda kama mbebaji tu, maana yeye na hospitali hawakuwa na mazoea. Hata kazini, siku walipoletewa vipimo vya afya vya bure, alikumbuka ghafla kwamba mizani ya machinjioni haijakaguliwa.

Bosi aliiona mizani akaanza kulia, kwa hiyo nesi alitumia njia ya kawaida: baba apande amembeba mtoto, kisha apande peke yake, namba ya pili itolewe kwenye ya kwanza. Nesi alisoma namba, kwa kuwa baba tumbo lilimzuia kuuona mshale. Mia moja na nne kutoa tisini na mbili. Bosi alikuwa na kilo kumi na mbili. Halafu, ili mtoto asiogope vifaa, nesi alimfunga baba mkanda wa presha. Mkanda ulijaa upepo, Bosi akapiga makofi. Baba alikuwa anaangalia kama mshale wa mizani umerudi kwenye sifuri.

Nesi na mama walizungumza muda mrefu kwenye korido. Mama alirudi na kadi iliyokunjwa, ameishika kwa mikono miwili.

"Wiki sita," alisema. "Namba zisipobadilika, ni dawa kila siku. Labda maisha yote."

Baba alimtazama Bosi, mashavu yake yaliyojaa, miguu yake mifupi. Huruma ikamshika. "Niambie la kufanya."

Yalikuwa mengi. Chumvi iliondoka mezani, kwa sababu Bosi akiiona ataitaka. Soda iliondoka kwa kosa hilohilo. Na kila jioni mtoto alitakiwa kutembezwa ili apate njaa. Kwa kuwa alichoka baada ya hatua ishirini, baba alimbeba mabegani hadi juu ya kilima na kurudi, dakika arobaini.

"Mbona anayetembea ni mimi?"

"Na anayevuta hewa nani?"

Hesabu hiyo haikumkaa sawa, ila alikuwa ameshavaa viatu.

Jumamosi moja alimkuta Bosi jikoni, chini ya meza, anaguguna karoti mbichi. Mama alimpokonya haraka. "Meno," alieleza. "Yanamwasha." Kazini nako walimtania kwamba suruali zake zimeanza kupeperuka. "Nalea," aliwajibu, na mjadala ukaishia hapo.

Siku ya wiki ya sita ilipofika, alikwenda kliniki na sanduku lake la kazi.

"Sista, mizani hii mara ya mwisho ilikaguliwa lini?"

"Panda tu, kaka. Tazama mbele. Ukiinama mshale unayumba."

Hilo lilikuwa kweli, naye aliheshimu ukweli. Alipanda na Bosi, akapanda peke yake, akafungwa mkanda ili mtoto aone. Safari hii nesi hakusoma namba kwa sauti. Aliandika, akalinganisha na za mwanzo, akaandika tena. Mama alisimama karibu na mlango, ameacha hata kupepesa macho.

"Zimebadilika," nesi alisema. "Dawa hatuanzi. Na kilo nne na nusu, hongereni."

Mama aliketi kwenye benchi akafunika uso kwa viganja.

Baba hakufurahi. "Samahani, sista. Mtoto wa miaka miwili haongezi kilo nne na nusu kwa wiki sita. Mizani yenu ni mbovu."

Alifungua sanduku, akaweka jiwe la kilo kumi. Mshale ulisimama kwenye kumi. Akaongeza la kilo tano. Kumi na tano, bila kuzidi wala kupungua. Aliinama, akaukagua mshale kulia na kushoto.

"Iko sawa," alikiri.

"Basi."

"Basi huyu ameongezaje nne na nusu?"

"Nani kasema zimeongezeka?" nesi aliuliza, akamsukumia kadi.

Kwenye benchi, Bosi alikuwa amefungua kopo la chakula lililokuwa mkobani mwa mama yake. Alikuwa anakula spinachi kwa mikono miwili, hamsubiri mtu.

Baba alivaa miwani, akaanza kuisoma kadi kuanzia juu, kama asomavyo cheti chochote. Jinsia: mwanamume. Umri: miaka arobaini na mmoja.