Thamani ya Nyumba ya Manundu

Siku ile mjinga alikuwa Mhina, na hadi leo hakatai. Ila ungemwambia hivyo asubuhi, anapovuta utepe wa kupimia ukutani mwa nyumba ya maduka pale Manundu, Korogwe, angekucheka.

Ulikuwa mwaka 1971. Majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani iliyowekwa na sheria yalikuwa yanachukuliwa na serikali, na kazi ya Mhina ilikuwa kusema ipi imezidi na ipi haijazidi. Alipewa namba za viwanja tu. Majina ya wenyewe yalibaki ofisini, mthamini asije akaona haya.

Kwake kazi hii ilikuwa mtihani. Alikuwa amepata nafasi ng'ambo, kusomea shahada ya pili ya biashara ya ardhi na majengo. Mkuu wake alishamwambia: ukimpendelea mtu hata mmoja, ruhusa ya kwenda sahau.

Barazani, nyuma ya cherehani, alimkuta Mama Grasiana, Msambaa wa Bungu, akiamrisha nyumba nzima, nani afagie, nani aondoe kuni njiani. Mhina akamwamkia, akaanza kupima. Mama akamtania kwamba fundi aliyeshona suruali ile angepewa utepe huo kwanza. Wakacheka, wakazoeana, na ulimi wa Mhina ukalegea. Akaeleza habari za masomo. Mama akauliza gharama zote hizo anabeba nani.

“Mjomba wangu, Mzee Mdoe wa Handeni. Karo, nauli, mpaka makoti ya baridi, vyote juu yake.”

Nani asiyemjua Mzee Mdoe. Kiongozi kupangisha nyumba ilikuwa mwiko, na yeye, kiongozi mwenyewe, mikutanini aliwalaani wapangishaji mpaka povu linamtoka. Mama Grasiana akaacha kushona.

“Njoo huku nyuma, mwanangu,” akasema. “Huku hujapima.”

Akamwonyesha milango ya mvule, akapiga kisigino kwenye sakafu ya saruji, akamfungulia stoo kubwa ambayo kutoka barabarani haionekani. Chumba kimoja tu kilikuwa na kufuli. Ufunguo hana, alisema, akapita. Huruma ikamwingia Mhina. Mtu mzima huyu, na anaisifia nyumba mbele ya aliyekuja kuichukua!

Akapiga hesabu. Imezidi, lakini kwa kidogo. Akiiacha ile stoo nje, nyumba imepona, na hakuna atakayejua. Kalamu ikasimama.

Barabarani honi ikalia. Ndugu Yordani, mwenyekiti wa kamati ya kuchukua majumba, alikuwa anasubiri kwenye Landrova, injini inaunguruma. Mhina akaiona ruhusa yake ikichanwa vipande viwili. Akaiandika stoo. Yordani akaichukua karatasi, akaisoma, akatia sahihi, gari likashika njia ya Tanga.

Mhina akageuka kumpa mama pole. Akamkuta ameshika mbavu, anacheka, machozi anayafuta kwa kanga.

Hapo akakasirika kweli. Akamwambia kwamba roho ilikuwa inamuuma kwa ajili yake, kwamba alibakiza kidogo tu aifiche stoo, ahatarishe masomo yake kwa mtu asiyejua jema wala baya. Mama akamjibu kwamba hakuna aliyemwomba. Wakarushiana maneno mpaka wenye maduka wakatoka nje kusikiliza.

“Nyumba imekwenda, mama,” Mhina akasema. “Wenzako huko mitaani wanalia. Wewe hata kulia hujui?”

“Nilie mimi? Nenda Handeni ukalie na mjomba wako. Nyumba ni yake, mimi mpangaji.”