Mstari wa Nyumba ya Fundi Baiskeli

Kitu cha kwanza Tunu alichokiona ni umri wa mstari mmoja kwenye kioo cha mtandao wa mtaa: dakika mbili tangu utangazwe. Kila nyumba mtaani ilitangaza mtandaoni nyumba inazozipenda, na tangazo lisilohuishwa lilifutika baada ya saa moja. Mstari ule ulitoka nyumba ya Mbwana, fundi baiskeli, iliyokuwa ikiitangaza nyumba ya kina Tunu mara kwa mara bila kujibiwa.

Tunu, aliyeishia darasa la tano, aliandika tena amri ya kuona nani kamtangaza nani, "onyesha viungo", herufi kwa herufi. Kioo cheusi kikarudia yaleyale.

"Ndiyo kwanza unaona?" shangazi Siwema aliuliza, akichambua mchele. "Orodha ni moja kila nyumba, mwanangu. Mtaa mzima tunaisoma tangu mwezi wa mfungo."

"Na mkanyamaza?"

"Tuseme nini, nawe Mbwana akikusalimia unaangalia kucha?"

Tunu akacheka mpaka machozi, kisha akaitangaza nyumba ya Mbwana. Kabla hajainua kidole, vigelegele vilishavuka nyumba kwa nyumba. Ikamtisha kidogo, furaha yake kuwafikia wote kabla midomo yake haijaitamka. Akatoka kibarazani. Ng'ambo ya njia alisimama Mbwana, pampu mkononi.

"Hili hujalisoma popote," Tunu akamwambia. "Nakupenda."