Vitumbua vya Bibi Ngedere

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na zahanati yao, Bibi Ngedere alikuwa na mjukuu, Mashavu, mnene hata matawi yalilia akiyakaribia. Muuguzi Korongo, mwenye miguu kama vijiti, alimning'iniza kwenye mzani, mshale ukagota mwisho.

"Nani anamlisha huyu?"

"Mimi humpa uji tu," alisema mama.

"Mimi ndizi tu," alisema baba.

Bibi alitazama juu kama anayesubiri mvua. "Vitumbua vyangu tu. Mjukuu asile kwangu, watu watasemaje?"

"Kumbe kila asubuhi anakula kwa watu watatu! Kuleni pamoja, kisha mcheze naye mitini. Na vitumbua, Bibi, basi!"

Wakatii. Mashavu akawa mwepesi, anaruka matawi yote. Lakini mkono wa Bibi haukuzoea kukaa bure. Kila asubuhi alimpelekea Korongo sahani ya vitumbua vya shukrani, naye Korongo akaona haya kumkatalia mtu mzima.

Siku ya kliniki, Korongo alitaka kuruka akachukue mzani juu ya mti. Alipiga mbawa, akaanguka chali. Mashavu akapanda mbio, akashuka nao.

"Sista," aliuliza, "nani anakulisha?"

Bibi akatazama juu kama anayesubiri mvua.