Ncha ya Pili ya Kilemba

Mzee alikigeuza kijiko cha fedha, akaitazama nembo ya kikosi iliyochongwa mgongoni mwake, akakirudisha mezani taratibu mno. Sajini Jagir Singh, aliyekuwa akimvizia toka mlangoni, akajisemea: huyu mwizi.

Vijiko vyenyewe vilikuwa nusu seti. Nusu ya pili ilivuka mpaka mwaka India ilipokatwa vipande viwili, pamoja na kompani ya Waislamu iliyokabidhiwa Pakistani. Kilichobaki kililindwa kama mboni ya jicho.

Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa kikosi, na wastaafu walikuwa wakimiminika kambini tangu asubuhi. Huyu alifika peke yake. Getini hakutaja jina ila la utani, Lambu, yaani mrefu. Mlinzi alimpitisha kwa sababu aliupiga ukelele wa vita wa kikosi mpaka madirisha yakatetemeka, na kilemba chake kilikuwa na ule mkunjo wa pembeni ambao hakuna kikosi kingine India nzima kinachoufunga.

Sasa, mila ni kwamba mkongwe kuliko wote ndiye anayeweka shada la maua kwenye jiwe la mashujaa, na Lambu aliwazidi wote umri. Kwenye jiwe hilo limechongwa jina la Mehar Singh, baba yake Jagir. Matapeli wakaweke mashada kwao, si pale.

"Mzee, ramu hiyo inakungoja!" askari mmoja alimwita.

"Ahsante, mwanangu. Situmii."

"Singasinga wa kikosi hiki asiyegusa ramu? Babu, hata nyumbu wetu walikuwa wanakunywa!"

Meza nzima ikacheka. Mzee naye akacheka, akachovya chapati kwenye dengu. Nyama hakuigusa. Jagir aliliona na hilo, akaliweka moyoni.

Vijana wakamwonyesha mchoro mkubwa ukutani, mapigano ya mfereji dhidi ya Pakistani ya mwaka 1965. "Ulikuwepo, babu?"

"Nilikuwepo." Sauti yake ilishuka. "Alfajiri ile jua lilitupiga machoni. Hatukuona hata vidole vyetu."

Damu ikamchemka Jagir. Kila kuruta anaujua wimbo wa siku ile: kikosi kilishambulia kikitokea mashariki, jua likiwa mgongoni, na jua hilo ndilo lililowapa ushindi. Akamshika mzee mkono, akamtoa nje kwa tabasamu la uongo hadi nyuma ya jiko.

"Wewe babu, umetuona watoto? Hukuwepo mferejini. Ondoka kabla sijakuaibisha mbele za watu."

"Nilikuwepo, Sajini."

"Baba yangu alifia pale! Mehar Singh! Usinichezee."

Mzee akamkagua pua, nyusi, mashavu, mpaka Jagir akakosa raha. Hakupenda kukumbushwa habari za baba, kwa sababu ya mama. Mwili ulibaki ng'ambo ya mfereji, ukarudishwa na adui mapigano yaliposimama, umeoshwa, na kilemba kimefungwa kwa mkunjo wa kikosi. Mpaka anakata roho, mama aliapa kwamba kilemba kile kilifungwa na mtu wa kikosi hiki hiki. Watu walisema huzuni imemharibu akili. Jagir, Mungu amsamehe, alisema hivyo pia.

Mzee akanyoosha mkono, akaukaza mkunjo wa kilemba cha Jagir.

"Umeulegeza. Mehar naye alikuwa hivi hivi, mvivu wa kukunja. Kila asubuhi bwenini, kabla nchi haijakatwa, nilimshikia ncha ya pili ya kitambaa, namtukana, ananitukana."

"Bweni lipi? Wewe ni nani hasa?"

Macho ya mzee yakajaa machozi.

"Siku ile mferejini mimi sikupata wa kunishikia. Vijana wangu wote walikuwa Waislamu kama mimi, kilemba cha Singasinga hawakukijua. Ncha ya pili niliifunga kwenye mlango wa gari letu, nikamvika baba yako peke yangu."