Pilipili za Kivulini

Mara mbili Mama Jayshree alizirudisha pilipili za Zawena, mkulima wa mjini hapo. Za kwanza zilikuwa na unyevu, za pili zilibabuka kwa jua. Kwa mchuzi wa nyumbani kwake alitumia za ng'ambo tu. Safari hii Zawena alizikausha kivulini siku kumi na mbili, akizigeuza kwa mkono.

Mama Jayshree aliitikisa moja sikioni, mbegu zikalia. Akaivunja, akanusa, akapiga chafya.

"Nani kakuuzia hizi?"

"Nimezipanda mwenyewe, mama."

Mama Jayshree aliliteremsha kopo la pilipili za ng'ambo, akazimwaga zote jalalani, akalifuta kwa upindo wa sari.

"Jaza."

Zawena akajaza polepole, shingo imenyooka, mpaka kifuniko kikagoma kufunga.